Barabara ya Tunduma Tuipite Mchana

Wiki iliyopita kwenye kundi la WhatsApp la darasa letu ilianza kura ya safari ya mwisho wa mwaka. Chaguo zilikuwa tatu: Zanzibar siku tatu, Mikumi kwenda na kurudi siku moja, na "Barabara Kuu, Dar hadi Tunduma, siku sita". Hilo la tatu nililiweka mimi. Mpaka naandika haya lina kura 9. Zanzibar ina 31, Mikumi ina 14. Chini ya pendekezo langu ndugu mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado ana notsi zangu, aliandika: "Sasa Tunduma kuna nini zaidi ya foleni ya malori?" Akaweka vikatuni vinne vya kucheka, na watu wakaanza kumgongea dole.

Swali lake ni la haki. Foleni ya malori ipo kweli, na ukiishia kuiona foleni tu basi umepoteza hela. Lakini naomba anisikilize mpaka mwisho kabla ya kura kufungwa, na wale 31 wa Zanzibar pia, maana najua wengi wao waliibonyeza usiku wakiwa wamelala kitandani, hawakufikiria hata dakika mbili.

Nianze na aibu yetu ya kila siku. Ukitoka Mwenge kwenda Tegeta unapita Lugalo. Konda anaita "Lugalo, Lugalo, wa Lugalo", tunashuka, tunapanda, wengine wamezaliwa katika hospitali hiyo. Niliwahi kuwauliza wenzangu wanane mezani kantini, Lugalo ni nini? Watano walisema ni kambi ya jeshi. Wawili walisema ni hospitali. Mmoja akasema ni kituo cha daladala, na hakuwa anatania. Hakuna aliyekosea, ila hakuna aliyesema kwamba Lugalo ni mahali katika mkoa wa Iringa, kando ya barabara hiyohiyo ya Tunduma, ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliviziana na kikosi cha Wajerumani na kukifyeka. Kamanda wa kikosi, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, aliuawa palepale pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Miaka mingi baadaye jeshi letu likaichukua kambi iliyokuwa ikiitwa Colito na kuipa jina la ushindi ule. Sisi tumebaki na jina, tumetupa mahali.

Na mahali penyewe basi linapita kwa kasi. Mimi kwetu ni Mbozi. Tangu nianze chuo nimeipita Lugalo mara kumi na kitu, kwenda likizo na kurudi, na mara zote nilikuwa nimelala mdomo wazi, shingo imepinda, mkoba nimeukumbatia. Zamani mabasi yalizuiwa kusafiri usiku, kwa hiyo angalau safari ilikuwa ya mchana, ukipenda usipende jicho linaona. Tangu 2023 yameruhusiwa tena. Siwalaumu wanaopanda ya usiku, na mimi napanda. Unaondoka stendi ya Magufuli jioni, unaamka Mbeya, umeokoa siku nzima. Ila matokeo yake tunao wanafunzi wa Historia, wa Siasa, wa Jiografia, waliokatiza karibu kilomita 900 za mada za mitihani yao wakiwa wanakoroma.

Barabara hii ni ya namna gani? Wengi tunaijua kwa jina la TANZAM, tena kwa kuisikia tu. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia. Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wake, ilikuwa inategemea reli na bandari zilizopitia huko kusini kwa kila kitu: kuingiza mafuta, kutoa shaba. Mlango ukafungwa. Uliobaki ni wa kwetu, yaani barabara ya vumbi kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya mpaka mpakani, kisha kuendelea hadi ukanda wa shaba. Malori yakaanza kubeba mafuta kwenye mapipa kwenda, na shaba kurudi. Masika ikija vumbi linakuwa tope, lori linazama mpaka kwenye ekseli. Waandishi wa Kizungu wa wakati huo waliipa jina lenye neno jehanamu ndani yake, na madereva waliokuwa wanaiendesha hawakubisha.

Baadaye likaja bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, kilomita 1,710 hadi Ndola. Barabara ikawekwa lami mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa fedha za Marekani na Benki ya Dunia miongoni mwa wengine. Na Wachina, kati ya 1970 na 1975, wakajenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860, baada ya mataifa ya Magharibi kusema reli hiyo haina faida. Hebu fikiria hapo. Vita Baridi imepamba moto, Marekani inatandika lami, China inatandika reli, na vyote viwili vinakwenda kulekule, mara nyingine vikiwa vinaonana. Pale Makambako unaweza kusimama ukaona barabara na reli zimekutana mji mmoja. Tunakariri "kutofungamana na upande wowote" kama msemo wa mtihani. Pale Makambako unaukanyaga kwa viatu, halafu unanunua mahindi ya kuchoma unaendelea na safari.

Babu yangu mzaa mama alikuwa utingo kwenye malori hayo. Amevuka miaka 75 sasa, yuko nyumbani Mbozi, miguu haina nguvu lakini kumbukumbu anayo kunizidi. Likizo iliyopita nilimkuta amekaa nje anaota jua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umepita Kitonga saa ngapi?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza siku zote. Haulizi habari za Dar wala za masomo. Nikamwambia sijui babu, nilikuwa nimelala. Akacheka, akatikisa kichwa, akaniambia yeye Kitonga aliupanda kwa miguu zaidi ya alivyoupanda kwa gari. Kazi ya utingo ilikuwa kushuka lori likiwa linapanda gia ya kwanza, kukimbia nyuma yake na gogo mkononi, na likianza kurudi nyuma unatupia gogo chini ya tairi. Ukichelewa, lori na mapipa vinakwenda korongoni, na dereva ndani. Ukikosea mguu, ni wewe. Alikuwa na umri kama wetu wa mwaka wa kwanza. Rafiki yake mmoja, utingo mwenzake, alikosea mguu. Wakamzika chini ya mlima, upande wa Ruaha Mbuyuni, kwa sababu masika yale hapakuwa na namna ya kumrudisha kwao. Babu anasema aliweka mawe matatu chini ya mbuyu. Anajua pia kwamba barabara imepanuliwa na kuchimbwa mara nyingi tangu hapo, na mawe hayo huenda hayapo. Lakini kila mtu wa nyumbani anayesafiri anamwuliza: umepita Kitonga saa ngapi? Nimeelewa mwaka huu kwamba anauliza kama ulipita kukiwa na mwanga.

Sasa nije kwenye jambo ambalo baadhi yenu mnalijua na hamtaki liandikwe. Mwaka jana safari hii tuliifanya. Yaani tuliianza.

Tulikuwa 26. Kila mtu alichanga elfu 80, nyingi zikitoka kwenye bumu, na mimi nilikuwa mtunza hazina. Tulikodi Coaster. Mpango ulikuwa kuondoka saa 12 asubuhi. Tuliondoka saa 5, kwa sababu spika zilizokodiwa zilichelewa, na kamati ikasema safari bila muziki ni msiba. Foleni ya Kibaha ikatukaribisha. Morogoro tulifika saa 10 jioni, njaa inauma, na Mazimbu iliyokuwa kwenye ratiba ikafutwa kwa kauli moja bila hata kura. Tukala chipsi, tukaondoka saa 12 kiza kinaingia.

Dereva alikuwa kijana mstaarabu, na kiti changu kilikuwa nyuma yake. Pale Morogoro nilimwona anajimwagia maji usoni mara mbili. Nikamwuliza, kaka vipi? Akaniambia ametoka Arusha usiku wa kuamkia siku ile, hajalala vizuri, ila tusijali. Mimi nilijali. Nilipiga hesabu kichwani: kulala Morogoro watu 26 ni kiasi gani, dereva wa pili ni kiasi gani. Nikaona hela haitatosha kufika Iringa. Nikakaa kimya. Nyuma muziki unapiga, watu wanaimba.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi, saa 2 usiku hivi, gari likaacha lami. Matairi ya kushoto yalianza kupiga changarawe, kichwa cha dereva kimeinama, na dada mmoja aliyekaa mbele upande wa kushoto akapiga ukelele ambao mpaka leo nikisikia breki naukumbuka. Dereva aliamka, akavuta usukani, tukasimama katikati ya barabara, taa zinamulika macho ya swala majanini. Hakuna aliyeumia. Lori lililokuwa linakuja mbele yetu lilipita likipiga honi ndefu. Sekunde tatu, nne.

Tulilala Mikumi mjini kwenye nyumba ya wageni, watano watano chumba kimoja. Kesho yake hakuna aliyezungumza na mwenzake. Lugalo tulipita bila kusimama. Iringa tulikula wali, tukageuza, maana hela iliisha na moyo pia uliisha. Kwenye Instagram tuliweka picha ya pamoja tunatabasamu. Mimi nimo kwenye picha hiyo. Sikumwambia mtu kwamba nilijua dereva hajalala, na leo nalisema hapa kwa sababu naomba kura zenu, na mtu anayeomba kura ya kuwapeleka watu barabarani lazima aseme aliwahi kufanya nini nazo.

Kwa hiyo pendekezo la mwaka huu si lile la mwaka jana lililopakwa rangi. Lina masharti, na kwangu masharti ndiyo safari yenyewe.

La kwanza, hatutembei usiku. Jua likizama, gari limeegeshwa. Hili halina mjadala, hata kama tutakosa kitu. La pili, madereva wawili, na mtunza hazina, yeyote atakayekuwa, anawauliza wote wawili walilala wapi jana yake. Likitoka jibu la mashaka hatuondoki. La tatu, hakuna spika za kukodi. Najua hapa napoteza kura, lakini spika zilikula laki na nusu mwaka jana, na laki na nusu ilikuwa inatosha kumlipa dereva wa pili. Simu zenu zina muziki.

Kuhusu hesabu: kutoka Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190, Morogoro hadi Iringa kama 310, Iringa hadi Mbeya kama 330, Mbeya hadi Tunduma kama 100. Kwenda na kurudi, na mizunguko ya pembeni, weka 2,000. Dereva niliyezungumza naye anasema Coaster yake inakwenda kilomita 5 kwa lita, kwa hiyo ni lita 400 za dizeli. Zidisha kwa bei ya pampu ya wiki hiyo, gawanya kwa 22, maana naomba tusizidi 22. Ongeza kukodi gari na posho ya madereva wawili, vyumba usiku tano, na chakula chetu wenyewe. Haitakuwa elfu 80. Itakuwa zaidi ya Zanzibar ya bei rahisi na chini ya Zanzibar mnayoiota. Ndiyo maana napendekeza tuchange kwa awamu tatu kuanzia sasa, badala ya kusubiri bumu halafu tukimbizane. Vyumba vilipiwe kabla, na kina dada wavichague wenyewe, wapige simu wenyewe, waulize mlango una kufuli ya ndani au hauna. Mwaka jana tuliwachagulia sisi. Hawakufurahi, na walikuwa sahihi.

Siku ya kwanza ni fupi makusudi. Tunaondoka alfajiri, mchana tuko Morogoro, na safari hii Mazimbu hatuiruki. Nitaeleza kwa nini. Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Wengi wakakimbia nchi. Serikali yetu iliwapa ANC ardhi ya shamba la zamani la mkonge hapo Mazimbu, wakajenga shule, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Waliilima, waliijenga, walisoma, wengine walifia pale na makaburi yao yapo. Mwaka 1992 ANC walitukabidhi, na leo ni kampasi ya SUA. Wenzetu wanakwenda vipindi pale kila asubuhi. Ninachotaka ni tukae nao jioni moja, tuwaulize inakuwaje kusoma organiki kemia karibu na makaburi ya wanafunzi. Labda watatujibu kwamba wanasoma tu kama kawaida, hamna cha ajabu. Hilo nalo ni jibu.

Siku ya pili tunaingia Mikumi asubuhi. Barabara inakata hifadhi kama kilomita 50, na kwa mchana utaona twiga, swala, nyani, bahati ikiwepo na tembo, bila kwenda getini. Wale 14 wa "Mikumi siku moja", mnaona? Mikumi imo humuhumu. Lakini kushuka hairuhusiwi, na tafadhali msiwarushie nyani ndizi. Vilevile hakuna kuchimba dawa ndani ya hifadhi, kwa hiyo chai ya Morogoro inywewe kwa akili.

Kisha inakuja sehemu ambayo mimi naipenda kuliko zote na ambayo hakuna kitabu kilichonifundisha: Ruaha Mbuyuni. Unashuka bondeni, joto linakupiga, na ghafla ni mibuyu kila upande, mamia, mingine imeegemeana. Kando ya barabara ni vitunguu, mafungu kwa mafungu, vyekundu vinang'aa, na ukisimama kina mama na vijana wanakuzunguka dirishani. Nunueni kitunguu kidogo, gari si lori. Hapo ndipo naomba nusu saa. Nina maelezo ya babu: baada ya daraja, kabla kilima hakijaanza kukaza, mkono wa kushoto ukiwa unakwenda Iringa, mbuyu wenye tumbo lililopasuka. Mibuyu mingi ina tumbo lililopasuka. Sitegemei kuona mawe matatu. Nitapiga picha ya mibuyu yote mkono wa kushoto nikampelekee, achague mwenyewe.

Kitonga tutaupanda mchana kweupe. Mtaona malori yanavyopanda taratibu kuliko mtu anayetembea, moja likiharibika kwenye kona mlima mzima unasimama kwa masaa. Kwa hiyo maji ya kunywa na biskuti viwepo garini, na mtu asinitumie meseji za lawama tukikwama. Ukifika juu hewa inabadilika, masweta yanatoka. Ilula ni nyanya kama Ruaha Mbuyuni ilivyo vitunguu. Halafu Lugalo, kabla ya kuingia mjini Iringa.

Pale Lugalo kuna mnara, na ninaomba tuutazame vizuri. Waliojenga mnara ule ni Wajerumani, kwa ajili ya Wajerumani waliokufa. Walioshindwa ndio waliosimamisha jiwe. Wahehe walioshinda, pamoja na waliokufa kwao siku ile, hawakuandika jiwe, na sisi tuliokuja baadaye tumewapa kituo cha daladala. Silalamiki sana juu ya hilo, jina la kambi ya jeshi si kitu kidogo. Ila nadhani mtu aliyesoma miaka mitatu kuhusu nani anaandika historia anatakiwa asimame mbele ya jiwe lile walau mara moja, asome majina, ajiulize majina mengine yako wapi.

Iringa tulale usiku mbili. Kuna makumbusho kwenye Boma la zamani la Wajerumani, kuna Isimila yenye zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, na kuna Kalenga. Kalenga ilikuwa ngome ya Mkwawa mpaka Wajerumani walipoibomoa Oktoba 1894. Yeye aliendelea kupigana msituni karibu miaka minne, na Julai 1898 akajiua kuliko kukamatwa. Fuvu lake lilichukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliogawa dunia upya, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilirudishe. Lilirudi 1954, chini ya Gavana Twining, na liko Kalenga. Kila mara nikisikia mjadala wa kurudisha mali zilizoporwa Ulaya, watu wanataja makumbusho ya London na Berlin, na mimi najiuliza ni wangapi kati yetu wamekwenda Kalenga kuona kile ambacho kilisharudi. Hapa ni kama kilomita 15 kutoka mjini Iringa. Wenzetu wa Chuo Kikishiriki cha Mkwawa wako mjini hapohapo, tutawaomba watutembeze, na sisi tutawalipia chakula cha jioni.

Iringa hadi Mbeya nitapita haraka, si kwa sababu haina kitu, bali kwa sababu siku hiyo ni ya kuangalia tu dirishani: Mafinga na misitu ya mbao, Makambako niliyoitaja, halafu tambarare ndefu mpaka Uyole. Kumbukeni pia kwamba kipande cha Iringa hadi Mbeya ni cha zamani kuliko TANZAM. Kilikuwa sehemu ya ile barabara kuu ya kikoloni ya kutoka Cape hadi Cairo, iliyokuwa inatoka Mbeya, Iringa, ikapanda Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha. Waingereza waliota mstari mmoja kutoka kusini hadi kaskazini wote chini ya bendera yao. Sisi tukaukata mstari ule Iringa, tukauelekeza baharini ili Zambia ipumue. Hilo wazo limenikaa kichwani tangu mwaka wa kwanza na sijapata pa kuliweka, nimeliweka hapa.

Siku ya tano ni ya kwetu. Kimondo cha Mbozi kiko nje kidogo ya barabara, chuma cha zaidi ya tani 10 kilichoanguka kutoka mbinguni kabla ya kumbukumbu za watu. Mnaweza kukishika. Kisha Tunduma, na foleni ya malori. Ndiyo, ndugu yangu wa vikatuni vinne, tutaiona. Shuka garini, tembea kando yake, soma namba za magari: Zambia, Kongo, Tanzania. Ongea na dereva mmoja, mwulize yuko foleni siku ya ngapi. Halafu ukumbuke kwamba shaba ambayo babu yangu alikuwa anairukia na gogo bado inapita hapo, na mafuta pia, na madereva bado wanalala chini ya magari yao. Ukimaliza hapo uniambie kama hakuna kitu.

Kuna hoja moja inanisumbua na sina jibu zuri kwake. Rafiki yangu wa Tukuyu aliniambia, "Wewe unataka kufanya utalii kwenye barabara ambayo mimi napoteza ndugu." Binamu yake alifariki kwenye ajali barabara hiihii, miaka miwili iliyopita. Alisema kwake yeye barabara ile ni kitu cha kukimaliza haraka ufike, na hataki kuona mtu anapigia picha. Nilimweleza juu ya babu, akasikiliza, akasema sawa, lakini hajapiga kura na sidhani kama atapiga. Sitamshawishi. Nimemwomba ruhusa tu ya kuandika maneno yake, akasema andika.

Kura inafungwa Ijumaa saa 2 usiku. Tukishindwa na Zanzibar nitakwenda Zanzibar, nitaogelea, sitanuna. Lakini hata hivyo nimeshaongea na watu wanane kati ya wale tisa, na tuko tayari kwenda wenyewe kwa gari dogo, mwezi wa kwanza wa likizo, mchana. Mama mkubwa wa mmoja wetu yuko Morogoro na amesema tutalala kwake. Bado tunatafuta mtu mmoja mwenye leseni ya daraja C asiyependa sifa. Babu nimeshampigia simu, nimemwambia safari hii nitampa saa kamili.